Siku tuliyomcheka Bibi kwa neno moja

Mama mkwe wangu alikuja kwetu Dar es Salaam mwezi Februari kutibiwa macho. Ni Msukuma wa Magu, mtu wa sala. Kila jioni alituongoza kuomba kabla ya kulala. Siku ya nne, alipofika kwenye kuomba msamaha, akasema "zambi zetu". Binti yangu wa miaka 10 akaangua kicheko. "Bibi, siyo zambi, ni dhambi. Toa ulimi!" Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka.

Kesho yake ilipofika saa ya sala Mama akasema, "Aombe mjukuu wangu, yeye ndiye anayejua kusema." Tangu siku hiyo mpaka anaondoka, wiki tatu nzima, hakusali tena kwa sauti.

Binti hakuyaokota njiani. Nimezaliwa na kukulia Tanga mjini, na kwetu mtoto akisema "selasini" anasahihishwa hapohapo. Siku zote niliona ni suala la kujifunza tu. Usiku ule mume wangu alinisimulia jambo ambalo kwa miaka 12 ya ndoa hakuwahi kulitaja. Alipoingia kidato cha kwanza, shule ya bweni huku pwani, wenzake walimbandika jina la Zahabu. Alikuwa akijifungia chooni usiku, anabana ulimi katikati ya meno na kupuliza, mpaka akaweza. "Mama hakwenda bweni," akasema, akageukia ukutani.

Basi nikaanza kuuliza na kusoma. Kisukuma hakina th wala dh. Hata sisi Waswahili sauti hizo zimetujia kwa maneno ya Kiarabu: thelathini, thamani, dhahabu, fedha, na dhambi yenyewe. Tena hatukuzipokea zilivyo. Katika dhahabu, Ramadhani na adhuhuri, Waarabu wana sauti tatu tofauti. Sisi tumezitia zote kwenye kapu moja la dh, na bado tunajiona mafundi! Waarabu nao si wamoja. Tatu ya kitabuni ni "thalatha", lakini mtu wa Cairo akiwa sokoni atakwambia "talata".

Lugha nyingi duniani hazina sauti hii kabisa. Mfaransa na Mjerumani huhangaika nayo wanapojifunza Kiingereza, na watoto wa Waingereza wenyewe huipata mwishoni, baada ya sauti nyingine nyingi. Wahispania wengi wa Hispania wanayo, ila wenzao wa Mexico na Argentina hutamka s katika maneno yaleyale, na hakuna anayewaambia watoe ulimi. Jirani zetu Wakikuyu wanayo dh ya kwao, ndiyo wanayoiandika th katika jina la Thika.

Nilimwomba Mama radhi stendi, siku anasafiri. Akanishika mkono akasema, "Yameisha, mwanangu." Ila yeye si mtu wa kusema yameisha mbele ya watu halafu aseme vingine.

Binti naye nilimwadhibu kwa namna yangu: kila Jumapili ampigie Bibi simu na kumsalimu kwa Kisukuma. Hapo ndipo alipokwama. Neno la kuitikia ni "mhola", yaani salama, na ile mh si m yetu. Midomo inafungwa, pumzi inatoka puani bila koo kulia, ndipo neno linafuata. Binti akasema "mola". Bibi akasema hapana. Akasema "muhola". Hapana. Mwezi mzima. Mimi nilijaribu jikoni peke yangu nikapiga chafya.

Mume wangu ndiye aliyemwonyesha binti kuweka kiganja chini ya pua ili aisikie ile pumzi. Jumapili iliyopita alilitamka vizuri, na upande wa pili wa simu Bibi akapiga kigelegele mpaka nikasikia nikiwa sebuleni.

Likizo ya Juni tunakwenda Magu. Nilimwomba mume wangu amwambie Mama atuongoze sala siku ya kwanza tukifika. Amekataa. Amesema nimwombe mimi mwenyewe, mbele ya mtoto.