Jembe la Babu

Niliuza jembe la babu. Lilikuwa limelika hadi likabaki dogo kama kiganja, limetupwa nyuma ya jiko kwetu Kyerwa, na mnunuzi wa chuma chakavu alishasimama uani na mizani yake. Bibi aliporudi kutoka migombani hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mjukuu wangu, chuma kile unajua kilitoka wapi?"

"Kwa wahunzi, bibi." Karagwe ni nchi ya wahunzi, kule Bweranyange, kwa Mukama Rumanyika, palikuwa na ng'ombe waliofuliwa kwa chuma.

Jibu refu nililipata baadaye, vitabuni. Nyota kubwa huishi kwa kuunganisha elementi nyepesi ziwe nzito, na nishati inayotoka ndiyo inayoizuia isijiporomokee. Kiini kikishageuka chuma, basi tena: chuma hakiongezi nishati. Kinaporomoka ndani ya sekunde moja, nyota inalipuka. Gesi hurushwa maelfu ya kilomita kwa sekunde, ikasukuma mawingu ya jirani, ikayachanganyia elementi mpya. Lakini chuma kingi zaidi (hili lilinishangaza) kimetoka kwa masalia ya nyota ndogo, ambayo nayo hulipuka. Katika wingu la namna hiyo, miaka bilioni 4.6 iliyopita, lilizaliwa Jua, na Dunia, na udongo wetu mwekundu.

Likizo iliyopita nilimweleza bibi yote hayo, tumekaa nje, umeme umekatika. Alisikiliza hadi mwisho, macho juu.

"Haya. Na wewe ukaliuza shilingi ngapi?"