Karavia: Kabla ya kuuza gari, pima kwanza alumaji

Chini ya mwembe mmoja katika kata ya Karavia, mjini Lubumbashi, kuna garaje isiyo na ukuta wala kibao. Papa mmoja aliyekimbia vita upande wa Mitwaba alifika hapo asubuhi, watoto wawili wakimsukumia gari. Ni Toyota Corolla ya zamani, yenye kabureta na platini. Ndilo linalobeba mboga na makala mpaka soko la Kenya, na ndilo linalolisha jamaa mbili zinazolala katika nyumba moja ya kupanga.

Gari likipanda mlima, moteri inagonga, inapata moto sana na nguvu inaisha. Kuna aliyemwambia kwamba pistoni zimekufa, auze vyuma tu. Mnunuzi alikuwa amekwisha kupatikana.

«Papa, usiuze kwanza,» fundi alimwambia. «Tuangalie alumaji.»

Esanse haiwaki yote mara moja. Moto unahitaji muda kidogo kuenea ndani ya silinda. Kwa hiyo cheche ya bujii inatoka kabla pistoni haijafika juu kabisa. Moteri ikizunguka mara 3.000 kwa dakika, katika elfu moja ya sekunde vilebrekini inakwisha kugeuka digrii 18. Cheche ikichelewa, gari linakosa nguvu na kunywa esanse nyingi. Ikiwahi mno, moto unapigana na pistoni ikiwa bado inapanda. Hapo ndipo mlio wa kugonga unapotoka, na ukiendelea, pistoni inatoboka kweli.

Fundi alifungua delko. Nafasi ya platini ilikuwa kubwa mno. Platini zilizoachana sana zinafunguka mapema, na cheche inawahi. Aliyezibadilisha mara ya mwisho hakupima.

Akarudisha nafasi kwanza, kwani ukiigusa baadaye alumaji inabadilika tena. Akatoa bujii ya silinda ya kwanza, akaziba tundu kwa kidole, akamwambia mtoto ageuze moteri kwa mkono, polepole, upande inaozungukia. Pumzi iliposukuma kidole, akalinganisha alama ya puli na digrii zilizoandikwa na kiwanda. Rota ikawa inatazama waya wa silinda ya kwanza.

Taa ya kupimia hakuwa nayo. Alichukua balbu ndogo ya volti 12: waya mmoja kwenye bobini, pale unapotoka waya wa delko, mwingine kwenye chuma cha gari. Akafungua kontakti, akalegeza delko, akaigeuza upande wa mzunguko wa rota mpaka balbu ikazimika. Kisha akairudisha kinyume, kidogo kidogo. Balbu ilipowaka tu, akasimama hapo na kukaza. Balbu ikiwaka, platini zimefunguka: ndiyo saa ya cheche.

«Ni hiyo tu, mwanangu?» papa aliuliza.

«Bado, papa. Mlima ndio utasema.»

Lubumbashi iko mita 1.200 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na esanse ya chupa barabarani haifanani siku zote. Ndiyo maana fundi hakuamini balbu peke yake. Walipanda na gari likiwa na mizigo. Kwenye mteremko mkali liligonga kidogo. Fundi akarudisha delko nyuma kwa upana wa ukucha. Safari ya pili, kimya.

Papa alilipa nusu kwa franka, nusu kwa mafungu ya lengalenga, na fundi akakubali. Mnunuzi alipopiga simu mchana, gari lilikuwa njiani kwenda soko la Kenya.

Wenye magari ya zamani wakumbuke: kila platini zikibadilishwa, alumaji ipimwe upya. Na moteri ikigonga mlimani, punguza mwendo, usikanyage zaidi, umfikie fundi kabla ya mnunuzi.