Chama cha Madaraja, Kopo la Ada na Mimi

Najua nimepotea. Wiki mbili nzima sijaandika kitu hapa, na kila aliyenikuta kantini akiuliza nilimjibu asaimenti, asaimenti. Nusu ilikuwa kweli. Nusu nyingine nitaisema humu humu leo, maana Jumamosi nimeshaisema mbele za watu na hakuna cha kuficha tena.

Tuanze na asaimenti. Kwenye kozi yetu ya uongozi na utawala wa elimu lekchara alikuja na vikaratasi vimekunjwa ndani ya kofia. Kila kundi liokote chama kimoja cha hiari, lieleze kinaendeshwaje na kinakula wapi. Wenzetu wakaokota vyama vya walimu, saccos, skauti. Sisi tukafungua cha kwetu: chama cha taifa cha wacheza bridge. Kimya. Mwenzetu mmoja, mtu wa Jiografia na Hisabati, akasema kwa uhakika kabisa kwamba hicho ni chama cha mainjinia wa madaraja. Na sisi tukamwamini! Siku ya kwanza nzima tulisoma habari za zege na nguzo... teh teh teh.

Kumbe ni karata bana. Watu wanne, wawili wawili, mwenzako anakaa mbele yako. Karata 52, kila mtu 13. Kwanza kuna mnada, kila upande unataja utashinda mizunguko mingapi na turufu itakuwa ipi: shupaza, kopa, uru, pau, au bila turufu kabisa. Mnada ukiisha, mmoja wa upande ulioshinda analaza karata zake zote wazi mezani na mwenzake anazicheza za kwake na za yule. Waliokulia kwenye baraza za pwani kwenye michezo ya turufu wataelewa haraka kuliko sisi. Mimi nilielewa baada ya rafiki yangu wa chumbani, ambaye nitamtaja sana leo bila kumtaja jina, kunifundisha usiku mmoja kwa karata zetu zilizochakaa.

Sasa swali langu la kwanza lilikuwa: karata zinahitaji chama cha taifa cha nini? Karata si mnakaa tu mnacheza? Jibu nililipata kwenye jinsi wanavyocheza kwenye vilabu. Karata zile zile mlizogawiwa nyie meza ya kwanza zinawekwa kwenye kisahani chenye mifuko minne, zinapelekwa meza ya pili, ya tatu, mpaka mwisho. Kila meza inacheza mgao ule ule. Mwisho unalinganishwa na wenzako waliokalia kiti kama chako na kushika karata kama zako. Kwa hiyo ile ya "leo sina bahati, nimepata takataka" haipo. Wote mlipata takataka hiyo hiyo, mwenzako kaifanyia nini? Ila utaratibu huo unataka mtu wa kupanga nani anahamia meza gani, mtu anayejua sheria za kuamua ugomvi, na sheria moja kwa kila mji. Hapo ndipo chama kinapozaliwa.

Tuliamua kuchukua cha Uingereza, yaani England peke yake (Scotland na Wales wana vyao), English Bridge Union, kilichoanzishwa mwaka 1936. Kazi zake ni zile usizoziona: kufundisha waamuzi na walimu wa mchezo, kuandaa mashindano, kuchagua timu za taifa, kusikiliza kesi za nidhamu, na kutoa pointi. Hizi pointi acha tu. Ukifanya vizuri klabuni Jumanne usiku unapata kapointi, na hazipungui, zinajumlishwa maisha yako yote. Mzee wa miaka themanini bado anapanda daraja. Nilifikiri ni utoto, halafu nikakumbuka sisi wenyewe tunavyolilia alama mbili za test.

Kilichonikamata mimi lakini ni hela. Kama mnavyojua (au hamjui, na hilo ndilo tatizo la chama chetu), mimi nilikuwa mweka hazina wa chama cha karata na drafti hapa chuoni. Majina 64 kwenye daftari, ada shilingi 5,000 kwa mwaka, waliolipa mpaka mwezi uliopita 19. Na wale wanaokuja kila Ijumaa chini ya mwembe ndio wengi wao hawajalipa, akiwemo rafiki yangu wa chumbani ambaye ndiye bingwa wetu kabisa. Boom lake lilikuwa halijatoka, atalipa na nini? Wakati huo huo kuna watu wamelipa na hatujawahi kuwaona. Mwenyekiti alikuwa anataka wasiolipa wafutwe wote kabla ya mashindano.

Wale Waingereza walikuwa na ugonjwa unaofanana na wetu. Watu walikuwa wanacheza vilabuni kila wiki bila kuwa wanachama wa chama cha taifa. Aprili 2010 wakageuza meza. Ada ya mwaka ikaondolewa. Kila mtu aliye mwanachama wa klabu iliyosajiliwa akawa mwanachama wa taifa moja kwa moja, na kila anapocheza klabu inapeleka peni kadhaa kwa ajili yake. Unacheza sana, unachangia sana. Hujacheza, hulipi. Si kwamba wote walishangilia, kuna vilabu vilijitoa kabisa, vikisema vinacheza kwa raha zao na havioni taifa linawapa nini. Na njia yenyewe ina jino bovu: ilipofika Machi 2020 vilabu vikafungwa kwa sababu ya korona, na chama kinachokula kwa kila mchezo kikakuta hakuna mchezo. Ikabidi vilabu vihamie kwenye intaneti. Mimi bado naona ni akili kuliko kufuta watu.

Kuna kesi yao moja niliiwasilisha mbele ya darasa na watu walicheka mpaka lekchara akagonga meza. Chama kilikuwa kinalipa VAT kwenye viingilio vya mashindano yake. Kikadai kirudishiwe, kwa hoja kwamba bridge ni mchezo kama michezo mingine ya viwanjani, na michezo ina msamaha. Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Juni 2017 Wakili Mkuu wa mahakama hiyo akatoa maoni kwamba ndiyo, ni mchezo. Fikiria walivyofurahi! Tarehe 26 Oktoba mwaka huo huo majaji wenyewe wakasema hapana, shughuli ambayo jasho lake la mwili ni dogo mno haihesabiki kuwa mchezo kwa sheria ile ya kodi. Miaka miwili kabla yake walikuwa wameshashindwa kesi nyingine nyumbani juu ya kutambuliwa kama mchezo. Na kumbuka Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ililitambua shirikisho la dunia la bridge tangu 1999. Nani alisema kuongoza wacheza karata ni starehe?

Marekani hatukupewa, ila nilichungulia. Huko mwaka 1932 Wamarekani weusi walianzisha chama chao, American Bridge Association, kwa sababu kwenye mashindano makubwa ya wazungu walikuwa hawaruhusiwi. Chama kikubwa, American Contract Bridge League, kilizaliwa 1937 na hakikuondoa vizuizi vyote vya rangi kwenye uanachama mpaka 1967. Miaka thelathini ya kuendesha chama "cha taifa" huku taifa lingine limekaa nje ya mlango na karata zake. Niliposoma hapo nikamwangalia rafiki yangu amelala kitanda cha juu. Sisemi kukosa elfu tano ni sawa na ubaguzi wa rangi, msinielewe vibaya. Nasema tu nilimwangalia.

Sasa ile nusu nyingine.

Mwezi uliopita nilikopa shilingi 35,000 kwenye kopo la chama. Neno "nilikopa" nimelichagua mwenyewe, maana hakuna niliyemwomba. Nilikuwa sina hela ya kula, nikachukua elfu tano, nikasema nitarudisha kesho. Ikawa saba, ikawa kumi. Nilirudisha 20,000 dada aliponitumia kwenye simu. Ikabaki 15,000, na mkutano ni Jumamosi. Mpango wangu, na hapa naandika kwa aibu, ulikuwa kuandika "vifaa: drafti mbili na karata" 15,000. Nani angehesabu drafti?

Alhamisi usiku nilikuwa namalizia sehemu ya sheria kwenye asaimenti. Kwenye bridge lazima ufuate aina iliyoanza: ikianza kopa na una kopa, unatoa kopa. Usipotoa ni kosa, na lina adhabu. Sheria za kimataifa zinasema mchezaji halazimiki kutangaza kosa la upande wake mwenyewe. Nikafurahi kweli kweli! Nikaona nimepata wakili. Nikasoma mstari unaofuata: ila haruhusiwi kujaribu kulificha, kwa mfano kwa kufanya kosa la pili juu ya lile la kwanza, au kuficha karata iliyomuumbua. Drafti mbili na karata. Nilifunga daftari nikatoka nje kupigwa na upepo.

Rafiki yangu ndiye niliyemwambia wa kwanza. Alikaa kimya, halafu akasema, "Mwalimu, wewe ndiye ulikuwa unanidai ada?" Halafu akacheka. Mimi sikuweza.

Jumamosi walikuja watu 31, hatujawahi kupata wengi hivyo, na mimi nikawaza wote wamekuja kunishuhudia. Niliomba nizungumze kabla ya taarifa ya fedha. Nilisema kiasi, tarehe nilizokumbuka, na mpango wa drafti mbili pia, ingawa huo hakuna ambaye angeujua. Mwenyekiti alikasirika, na alikuwa na haki. Dada mmoja wa mwaka wa kwanza, aliyelipa ada yake yote siku ya kwanza, aliniuliza swali moja tu: kwa nini sikuomba? Sikuwa na jibu, na bado sina.

Maamuzi: nimevuliwa uweka hazina. Kopo linakaa kwa mtu mmoja na ufunguo kwa mwingine, na hesabu zinasomwa kila mwisho wa mwezi, si mwisho wa mwaka. Yale 15,000 nalipa kabla ya test ya pili. Halafu, kwa sababu nilikuwa bado nimesimama na nilijua sitasikilizwa tena kwa muda mrefu, nikatupa ile ya Waingereza: tuache ada ya mwaka, kila anayekuja Ijumaa atoe mia mbili, hakuna anayefutwa. Wakabishana karibu saa nzima. Wale 19 waliolipa waliuliza elfu tano zao zinakwenda wapi, swali zuri tu, tukakubaliana watacheza Ijumaa 25 bila kutoa kitu. Ikapita kwa kura 18 dhidi ya 11, wawili hawakupiga. Mwenyekiti alipiga ya hapana na akasema tujaribu muhula huu mmoja tu.

Ijumaa iliyopita tulikuwa 27 chini ya mwembe. Shilingi 1,800, kutoka kwa watu tisa. Wengine wote ama walishalipa ada, ama walisema watatoa wiki ijayo. Rafiki yangu alitoa mia mbili yake wa kwanza, sarafu tupu, akaziweka mbele yangu kwa makusudi ili nizione, akampa mwenye kopo. Halafu akanifunga drafti mara nne mfululizo.

Asaimenti tumepata 17 kwa 20. Tatu zimekatwa kwa sababu kwenye utangulizi mtu alisahau kufuta aya ya zege.