Mwalimu Asiyeweza Kusema Sana

Kwa miaka mingi ya kufundisha historia hapa Tabora tuliamini kwamba sauti ndiyo chombo cha kwanza cha mwalimu. Imani hiyo ilituacha kwa nguvu, wala si kwa hiari yetu.

Tulipatwa na saratani ya ulimi, tukasafiri kwa garimoshi hadi Dar es Salaam, tukatibiwa kwa mionzi Ocean Road. Tulipona, tukarudi darasani. Tusilolizingatia ni kwamba mionzi, pamoja na kuua saratani, hudhuru mishipa midogo ya damu iliyomo mfupani. Taya la chini, ambalo hupata damu kidogo kuliko la juu, ndilo huathirika zaidi. Nalo likijeruhiwa, hata baada ya miaka mingi, huenda lisipone. Jino lilipotuuma tulikwenda kuling'oa. Hatukutaja mionzi, wala aliyeling'oa hakutuuliza. Kidonda hakikufunga; mfupa ulijitokeza kinywani, ukaanza kufa. Sasa kinywa hakipitishi vidole viwili, mate ni haba, na maneno hutoka yamepondeka.

Siku tuliyorudi kazini somo lilikuwa njia ya misafara, toka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Zamani tulilihutubia kipindi kizima. Safari hii, baada ya sentensi chache, mwanafunzi mmoja aliinuka akasema kwa adabu, "Samahani, Mwalimu, hatukusikia." Tukarudia. "Bado, Mwalimu." Tulitamani kutoka nje tusirudi tena.

Badala yake tulichukua chaki, tukaandika ubaoni: "Mpagazi aliyebeba pembe kutoka hapa hadi pwani, alikuwa mtumwa au mfanyakazi? Toa sababu." Tukaketi. Kimya kilikuwa kirefu. Kisha mmoja akasema ni mtumwa. Mwingine akapinga, kwamba Wanyamwezi wengi walikuwa watu huru waliokwenda kwa ujira wa nguo. Wa tatu akauliza kama nguo hizo zilitosha kulipia bega lililochubuka. Kengele ililia wangali wakibishana. Katika hotuba zetu zote, swali hilo la bega halikuwahi kuulizwa.

Tangu hapo huandaa maswali matatu kwa kila kipindi, tukahesabu ukimya kuwa sehemu ya somo, na kumwachia mwanafunzi kufanya muhtasari.

Hatusemi kwamba maradhi ni neema. Tunakunywa uji wenzetu wakila ugali, na tungefurahi kurudishiwa taya letu. Lakini tunajiuliza: njia hii ilikuwa wazi mbele yetu tangu tulipokuwa wazima, kwa nini hatukuipita?

Na kwa mwalimu mwenzetu atakayetibiwa kwa mionzi ya kichwa au shingo: meno yakaguliwe kabla ya tiba, na baada yake usikubali jino ling'olewe kabla hujamweleza daktari. Neno hilo moja, tungelisema, lingetubakizia mengine mengi.