Kiungo kamili hauzi sura

Wiki iliyopita nilikwenda saluni kunyoa, nikajikuta nimekaa na nusu kichwa karibu dakika ishirini. Si utani. Upande mmoja umeshanyolewa, upande wa pili msitu, na kinyozi kashikilia mashine hewani kwa sababu ya ubishi wa mpira.

Vijana walikuwa wanne. Wa kwanza alidai kwamba katika Ligi Kuu ya Uingereza hajapata kutokea kiungo kamili kama Rodri. Mwenzake akaapa kwa mama yake mzazi kwamba ni Kevin De Bruyne. Wa tatu akamtaja Declan Rice, na wa nne, ambaye wala hakuja kunyoa bali kuchaji simu, naye akapaza sauti kumtetea Steven Gerrard. Mwisho kinyozi akanigeukia, "Anko, wewe umeanza kuangalia mpira zamani. Hebu wakate maneno hawa."

Nikasema, "Roy Keane."

Walicheka mpaka mmoja wao akashika ukuta. "Anko bwana! Keane si yule wa kuvunja watu miguu? Chenga zake ziko wapi? Magoli yake yako wapi?" Sikuwajibu pale pale, maana mtu mwenye nusu kichwa hana heshima ya kubishana. Lakini niliondoka na donge rohoni, na jibu langu ni hili hapa.

Kwanza tuelewane. Kiungo ni mtu wa katikati ya uwanja. Mpira ukitoka kwa mabeki unampitia yeye, ukienda kwa washambuliaji unampitia yeye, na adui akija kushambulia naye anampitia yeye. Wajuzi wa kabumbu wameigawa kazi hiyo kwa namba. Namba sita anakaba na kufagia, namba nane anapanda na kushuka, namba kumi anachezesha timu na kufunga. Kwa hesabu ya kijiweni, kiungo kamili ni yule mwenye sita, nane na kumi ndani ya jezi moja.

Hesabu tamu, lakini ukiipeleka uwanjani inagoma. Mchukue Frank Lampard. Mabao 177 ya Ligi Kuu kwa kiungo ni kitu cha kutisha, na kati ya mwaka 2001 na 2005 alicheza mechi 164 za ligi mfululizo bila kukosa hata moja. Lakini kumbuka nani alikuwa nyuma yake wakati Chelsea inatwaa ubingwa mwaka 2005 na 2006. Alikuwapo Claude Makelele, aliyetua mwaka 2003 akitokea Real Madrid, kazi yake kufagia nyumba wakati wenzake wako sebuleni na wageni.

Mchukue Paul Scholes. Mataji 11 ya ligi, na pasi yake ilikuwa kama barua iliyoandikwa anuani vizuri, haipotei. Lakini akienda kumpokonya mtu mpira, unafumba macho na kuomba Mungu. N'Golo Kante naye alichukua ubingwa na Leicester mwaka 2016, akahamia Chelsea, akauchukua tena mwaka 2017. Mtu mwenye mapafu ya mbwa kama yule sijamuona. Lakini hukuwa unamwendea Kante kwa mabao ishirini kwa msimu. Hiyo ilikuwa kazi ya Yaya Toure, aliyefunga mabao 20 ya ligi msimu wa 2013/14 Manchester City ikawa bingwa. Na Yaya naye, siku akiamua kurudi nyuma kwa mwendo wa kutembea, mabeki wake walikuwa wanajua wako peke yao.

Aliyeikaribia zaidi ile hesabu ya kijiweni ni Gerrard, na hapo yule kijana wa kuchaji simu nampa pointi zake. Mechi 504 za Ligi Kuu, mabao 120, alikaba, alipiga krosi, alipiga mashuti ya kutoboa nyavu. Kila mtu anakumbuka kichwa alichopiga Istanbul mwaka 2005, Liverpool ikiwa nyuma mabao matatu mbele ya AC Milan. Mimi ninachokikumbuka zaidi ni kilichofuata baadaye. Ndani ya muda wa nyongeza, nahodha na shujaa wa mechi, misuli imeanza kumkaza, alikwenda kucheza beki wa kulia ili kumzuia winga wa Milan aliyeingia na miguu mipya. Hakuna bango lililochapwa kwa ajili ya dakika zile. Lakini kombe lilipatikana.

Sasa mweke Gerrard huyo huyo pamoja na Lampard katika timu ya taifa yao. Viungo wawili ambao kila mmoja kwa hesabu ya kijiweni ni kamili. Miaka nenda, miaka rudi, katikati kukawa na shimo unaloweza kuegesha daladala. Kwa macho yangu tatizo lilikuwa dogo tu. Kila mmoja alikuwa anatazamia kwamba mwenzake ndiye atakayebaki.

Hapo ndipo penye siri, ndugu yangu. Ukamilifu wa kiungo si idadi ya vitu anavyoweza. Ni kujua mchezo unataka kitu gani dakika hii, na kukubali kukifanya hata kama hakimpeleki ukurasa wa mbele. Victor Wanyama wa hapo Kenya, aliyekuwa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza alipojiunga na Southampton mwaka 2013, watu wanamkumbuka kwa lile kombora alilolifumua Anfield akiwa na Tottenham, Februari 2018. Kombora lilikuwa bomba, sikatai. Lakini mkate wake hakuupata kwa makombora. Aliupata kwa kusimama mbele ya mabeki, anapokonya, anatoa pasi fupi, anarudi mahali pake.

Kuna na kipimo kingine. Usimpime kiungo kwa siku anayocheza, mpime kwa siku hayupo. Rodri aliumia goti Septemba 2024 katika mechi na Arsenal, na mwezi uliofuata akapewa Mpira wa Dhahabu huku anatembelea magongo. Manchester City, waliokuwa wametwaa ubingwa mara nne mfululizo, msimu ule wakamaliza nafasi ya tatu. Mtu mmoja tu, ambaye wala si mfungaji, katolewa katikati, na nyumba nzima ikaanza kuvuja.

Basi nirudi kwa Keane wangu.

Tarehe 21 Aprili 1999 nilikuwa kidato cha pili. Mtaani kwetu Temeke kulikuwa na mzee mmoja mwenye dishi, na siku za mechi kubwa alikuwa anaacha dirisha la sebule wazi ili sisi watoto wa uswahilini tutazame tukiwa nje, tukigombana na mbu. Nilisimama juu ya tofali, na nyuma yangu alisimama braza, kaka yangu wa kuzaliwa, kanizidi miaka minne, kanishika mabega nisianguke.

Manchester United ilikuwa Turin kucheza na Juventus, marudiano ya nusu fainali ya Ulaya, baada ya sare ya 1-1 kwao. Ndani ya dakika 11 Filippo Inzaghi alikuwa keshafunga mawili. Watu wakaanza kuondoka dirishani. Dakika ya 24 ikapigwa kona ya David Beckham, Keane akaruka akatia kichwa, 2-1. Hakushangilia. Alikimbia kurudi katikati kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Dakika ya 33 akamchezea faulo Zinedine Zidane, mwamuzi akatoa kadi ya njano, na kadi ile ilikuwa na maana moja tu: United ikifuzu, Keane haichezi fainali.

Nilimwambia braza, "Sasa huyu si bora akae tu?" Braza akanibinya bega, akasema, "Mwangalie."

Nikamwangalia. Mpaka karibu saa sita za usiku yule mtu alicheza kama vile kadi ile alipewa mtu mwingine. Kila mpira ulikuwa wake. Dwight Yorke akasawazisha, Andy Cole akamaliza kazi dakika za mwisho, 3-2. Mwezi uliofuata United ilichukua kombe Barcelona kwa mabao mawili ya dakika za majeruhi, na Keane alikuwa pembeni amevaa suti. Scholes naye hivyo hivyo, kadi ya usiku ule ule ilimponza. Alichokipika wakala wengine.

Laiti ningelijifunza kitu dirishani pale.

Mwaka 2001 timu ya mtaa wetu iliingia nusu fainali ya kugombea mbuzi. Braza alivaa namba sita, mimi namba nane. Tulikuwa tunaongoza bao moja, zimebaki kama dakika kumi, kocha anapiga kelele mpaka sauti imekauka, "Wewe nane, rudi! Rudi!" Mimi sirudi. Kwenye mstari alikuwa amesimama binti mmoja wa mtaa wa pili, jina nalihifadhi kwa sababu sasa hivi ni mke wa mtu, na mimi nilitaka bao langu. Nilikuwa nauza sura, tuseme ukweli.

Nikajaribu chenga ya tatu, nikapokonywa. Namba kumi wao akapita pale pale nilipotakiwa niwepo mimi. Braza aliacha nafasi yake, akamkimbiza, akamlamba mtama nje kidogo ya boksi. Alikuwa na njano tayari. Akapewa ya pili, akatoka nje. Alipopita karibu yangu hakusema neno.

Tulishikilia bao letu tukiwa kumi, tukaenda fainali. Siku ya fainali ndiyo walikuja watu wa timu moja ya daraja la juu kutafuta vijana. Braza alikuwa na ndoo ya maji na mfuko wa machungwa, mchezaji bora wa mtaa mzima, anawagawia wenzake wakati wa mapumziko. Tulishinda, mbuzi tukamla, na vijana watatu tukachukuliwa kwenda kufanya majaribio. Mmoja wao mimi. Baada ya wiki moja kocha wa kule aliniita pembeni akaniambia, "Dogo, mpira unaujua. Kiungo hukijui." Nikarudi nyumbani na viatu vyangu kwenye mfuko wa rambo.

Braza hakupata nafasi nyingine. Mwaka uliofuata mzee wetu aliacha kazi kwa ugonjwa, braza akaacha mpira akaingia kwenye uchomeleaji wa mageti, na ada yangu ya kidato cha tano na cha sita ilitoka kwenye cheche zile. Zaidi ya miaka ishirini habari ya ile kadi hatukuwahi kuizungumza. Mimi nilikuwa naogopa. Yeye sijui.

Jumapili iliyopita, nikiwa na kichwa kilichokwisha nyolewa chote, nilimfuata karakana kwake Mbagala. Nikajikaza. "Braza, ile kadi ya mwaka 2001, ulijitoa kafara kwa ajili yangu. Nisamehe."

Akainua miwani yake ya kuchomelea, akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya ndege. "Kafara gani? Yule namba kumi alinipiga tobo mbili kipindi cha kwanza, watu wakanicheka. Nilikuwa namtafuta siku nzima."

Tukacheka sana, mpaka kijana wake wa kazi akaja kuchungulia. Nikahisi mzigo wa miaka yote ile umeshuka. Akarudisha miwani yake machoni, akaokota kifaa chake, halafu kabla hajawasha akasema polepole, bila hasira yoyote, "Ila ungerudi, mdogo wangu, tungemkaba wawili."

Basi nyie vijana wa saluni, jibu langu ndilo hilo. Chenga hata mimi nilikuwa nazo. Mashuti nilikuwa nayo, na nywele nilikuwa nazo. Keane hakuwa na pasi za Scholes wala mabao ya Lampard, na hasira zake zilimgharimu zaidi ya mara moja, hilo nalo nakubali. Lakini mtu aliyejua kwamba karamu haitamhusu, na bado akapika mpaka chakula kikaiva, huyo ndiye ninayemwita kamili.

Jumamosi nitarudi kuchonga ndevu. Atakayetaka kubisha aje, ila kinyozi naomba amalize kazi kwanza.