Bandari Si Winchi Peke Yake

Watu wanapoilinganisha Mombasa na Dar es Salaam, huhesabu gati na winchi. Mimi huitazama barabara itokayo Kilindini: afisi za mawakala wa forodha, mabohari, gereji za malori, na akina mama wauzao mahamri na chai kwa madereva waendao Uganda na Rwanda. Hao nao ni bandari. Mfanyabiashara wa Kampala hufuata mahali ambapo mzigo wake hutoka upesi, na upesi huo huletwa na mafundi wa kila kazi waliokaa karibu karibu.

Mwaka 2018, makasha mengi yalipoanza kupelekwa Nairobi kwa reli ya SGR, meli ziliendelea kuja, lakini mtaani petu riziki ilipungua. Jirani yangu, mke wa dereva, aliuza bangili zake ili alipe karo.

Mwaka 2022 serikali iliamuru mizigo itolewe tena Mombasa. Amri huja na kuondoka, ujuzi hubaki. Bandari Maritime Academy iko papa hapa mjini. Tuwaulizie watoto wetu masomo yake, mabinti wakiwemo. Mwenye kuruzuku ni Mwenyezi Mungu. Kujiandaa ni juu yetu.