Mawazo kwa Kiingereza

Tunduma ni nadra mtu kukuambia ana sonona. Neno hilo lipo kwenye vipeperushi na kwenye taarifa ya habari, lakini sokoni watu husema wana mawazo. "Nina mawazo mpaka kichwa kinauma." "Mawazo yamenimaliza." Ukimsikia mama akisema hivyo, hujui bado kama anazungumzia ugonjwa, deni, mume aliyevuka kwenda Nakonde asirudi, au vyote kwa pamoja. Naye hakulazimishi uchague.

Mimi nililazimika kuchagua. Nilikuwa naandika muswada wa kupeleka kwenye jarida la kimataifa la magonjwa ya akili, kuhusu wanawake wanaofanya biashara ndogondogo kwenye mpaka wetu na Zambia: wauza nafaka, dagaa, vitenge, na wale wanaobadilisha kwacha kwa shilingi. Mahojiano yalikuwa yamekwisha na uchambuzi umekamilika. Kilichobaki kilionekana chepesi: kuandika maneno elfu kadhaa kwa Kiingereza, kujaza fomu mtandaoni, kubonyeza kitufe cha kutuma.

Kwanza zilikuja karatasi. Utafiti wa afya nchini unahitaji kibali cha maadili, na cheti cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, hudai pia uombe ruhusa kabla ya kuchapisha matokeo. Jarida nalo lilitaka ikisiri isiyozidi maneno 250, barua kwa mhariri, tamko la nani alitoa fedha, na orodha ya COREQ, yaani vipengele 32 ambavyo ripoti ya mahojiano inapaswa kuvieleza: nani aliuliza, alikuwa na uhusiano gani na wahojiwa, nani alikataa kushiriki na kwa nini. Mtu aliyekulia Tunduma hashangazwi na hayo. Hapa kila siku malori yanapanga foleni barabarani na madereva wanasubiri makaratasi.

Kisha likaja suala la majina ya waandishi. Mahojiano mengi yalifanywa na msaidizi wetu, binti wa hapa hapa anayejua Kinyamwanga na anayejua pia saa gani mama muuza dagaa hana wateja. Desturi ya wengi ni kumshukuru mtu wa aina hiyo kwenye mstari mmoja mwishoni. Lakini masharti ya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ni manne: mchango mkubwa katika kazi, kushiriki kuandika au kuhakiki muswada, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kilichoandikwa. Kamati hiyo inasema pia kwamba aliyetimiza la kwanza apewe nafasi ya kutimiza yaliyobaki. Tukampa rasimu aisome.

Akairudisha na maandishi pembeni. Mahali nilipokuwa nimetafsiri "mawazo" kwa Kiingereza cha sonona, aliandika: "Kaka, kuwaza na mawazo si kitu kimoja. Kuwaza ni kazi ya mfanyabiashara, anawaza bei, anawaza mzigo. Mawazo ni pale kuwaza kunapokataa kukoma." Nilirudi kwenye mahojiano nikayasoma upya yote. Wanawake walikuwa wameliweka jambo hilo wazi tangu mwanzo. Hakuna aliyelalamika kwamba anawaza. Walilalamika kwamba usiku duka limefungwa, watoto wamelala, na hesabu bado inaendelea kichwani. Maelezo yale yakawa sehemu ya kwanza ya matokeo yetu, na jina la binti yule likawa la tatu kati ya waandishi wanne.

Nilipotafuta waliotutangulia, nilikuta hatuko peke yetu. Zimbabwe, ukishaipita Zambia kwa barabara hiyo hiyo ya malori, Washona wana neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na madaktari wa huko wamelichukulia kwa uzito. Mradi wa Friendship Bench, ambamo akina bibi wa mtaani hukaa kwenye benchi na kumsikiliza mwenye kufungisisa, ulipimwa kwa jaribio la kitabibu lililochapishwa mwaka 2016 katika JAMA, moja ya majarida makubwa ya tiba duniani. Dar es Salaam, Profesa Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha mwaka 2008 dodoso la dalili 19 lililotengenezwa hapa nchini ili kutambua sonona. Lakini nilikutana pia na makala ya Vikram Patel na Athula Sumathipala ya mwaka 2001. Walihesabu makala zilizotoka katika majarida sita makubwa ya magonjwa ya akili kati ya 1996 na 1998. Sehemu za dunia zenye zaidi ya asilimia 90 ya watu zilichangia asilimia 6 tu ya makala. Miaka mingi imepita tangu hesabu hiyo, lakini ilinieleza kwa nini msomaji wa jarida hili angelitazama neno "mawazo" kama kosa la uchapaji.

Tukatuma. Miezi mitano baadaye yakaja maoni ya wahakiki wawili.

Wa kwanza aliuliza kwa nini hatukutumia PHQ-9. Ni dodoso la maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ya 10 na kuendelea huashiria kwamba mtu achunguzwe zaidi. Ni chombo kizuri, kimetafsiriwa na kupimwa kwa Kiswahili, na kliniki inakihitaji. Lakini swali moja linauliza kuhusu usingizi. Mwanamke anayeamka saa tisa usiku kuwahi mzigo atasema halali vizuri. Lingine linauliza kuhusu hamu ya kula, na aliyewaachia watoto chakula atasema hakula. Tulimjibu mhakiki kwamba tulitaka kwanza kujua wanawake wenyewe wanatenganishaje uchovu wa kazi na ule usioondoka hata siku ya mapumziko. Kupima kunaweza kufuata.

Katika sentensi nyingine tulikuwa tumeandika kwamba deni husababisha mawazo. Mhakiki akasema mahojiano hayawezi kuthibitisha chanzo. Alikuwa na haki, kwa kanuni za fani. Lakini kulifuta deni lingekuwa kuwaziba midomo waliotuambia. Tuliandika kwamba washiriki walieleza deni kuwa ndilo lililotangulia, kisha usingizi ukakimbia, kisha mawazo. Hivyo walivyosema ndivyo ilivyoandikwa, na aliyesema ametajwa kuwa wao.

Mhakiki wa pili ndiye aliyeninyima usingizi. Aliomba jedwali: kila mshiriki na umri wake, ndoa yake, idadi ya watoto, aina ya biashara, na namba yake ili nukuu zioanishwe. Ni ombi la kawaida, nami nimeona majedwali kama hayo katika makala nyingi. Katika jiji la watu mamilioni halimuumizi mtu. Tunduma ni mji wa mpakani ambako wauzaji wanajuana kwa meza. Andika umri, ujane, watoto pacha na dagaa kwenye mstari mmoja, na mtu yeyote wa soko lile atakutajia jina.

Na miongoni mwa waliozungumza nasi alikuwepo aliyesema aliwahi kujaribu kuyakatisha maisha yake. Alipewa rufaa siku ile ile, kama mpango wetu wa maadili ulivyotaka. Lakini kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinalihesabu jaribio hilo kuwa kosa la jinai. Achilia mbali sheria, kuna mtaa. Hapa mtu akitajwa kuwa na tatizo la akili, mzaha wa kwanza ni Mirembe, hospitali ya Dodoma ambayo jina lake limekuwa tusi nchi nzima. Neno "mawazo" lilikuwa limemsitiri mama yule kwa miaka. Jedwali lingemvua nguo kwa mistari mitano.

Tulimwandikia mhariri kwamba tutatoa jumla tu: umri kwa makundi, biashara kwa aina, bila kuunganisha mtu na nukuu. Nukuu moja tuliiondoa kabisa, ingawa ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote. Tulianza na shukrani kwa kila hoja, kama mtu anayebisha hodi ukweni, kisha tukasimama pale tuliposimama. Mhariri akakubali.

Kulibaki kichwa cha habari. Tulipendekezewa neno la Kiingereza peke yake, ili makala ipatikane kwa urahisi. Tuliacha "mawazo" kwenye kichwa, na neno la Kiingereza la sonona tukaliweka kwenye maneno muhimu, ambako mitambo ya kutafuta hulisoma. Daktari wa mbali atatupata kwa neno lake, na akifungua atakutana na letu.

Kabla ya kutuma toleo la mwisho, tuliandika ukurasa mmoja wa Kiswahili na kuusoma mbele ya baadhi ya wanawake, jioni, meza zikiwa zimefunikwa maturubai. Walisikiliza kimya. Mmoja akamwambia binti yetu, "Mwanangu, mmeandika vizuri. Ila hapo kwenye deni, wataje na wanaotukopesha kwa riba ya kila siku." Tuliliangalia tena faili. Lilikuwa limetajwa mara tatu katika mahojiano, nasi tulikuwa na nafasi ya maneno 60.

Tukaliongeza.